Taarifa Ipo, Mwananchi Haioni: Somo la Katalogi za Maktaba kwa Mifumo ya Serikali Mtandao

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, pamoja na haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Mwaka 2016 Bunge liliiwekea haki hiyo utaratibu kwa kutunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka huo. Miaka mitatu baadaye ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya Mwaka 2019, inayosimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Matokeo yake yanaonekana kila siku: matangazo ya ajira, fomu za maombi, miongozo, hotuba, sheria na hukumu za mahakama sasa vinapatikana kupitia simu ya mkononi.

Hata hivyo, kati ya taarifa kuwekwa mtandaoni na taarifa kumfikia anayeihitaji ipo hatua moja isiyozungumzwa sana, nayo ni hatua ya kutafuta. Waraka uliopandishwa kwenye tovuti lakini ukashindikana kuonekana haumsaidii mwananchi zaidi ya ule uliobaki ndani ya kabati la ofisi. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Katika mifumo ya mtandao methali hiyo mara nyingi inageuka: mtafutaji huchoka mapema, kabla hajapata, na huondoka akiamini kwamba alichokitafuta hakipo.

Tatizo hili si geni. Wakutubi wamelishughulikia kwa takribani karne moja na nusu, na uzoefu wao una mengi ya kuzifundisha taasisi zinazohamishia huduma zake mtandaoni.

Kadi zilizokuwa zikizungumza

Mwaka 1876 nchini Marekani yalichapishwa maandiko mawili yaliyobadili kazi ya maktaba duniani. Melvil Dewey alitoa mfumo wake wa kupanga maarifa kwa tarakimu, ambao hadi leo ndio unaovipa vitabu vya lugha ya Kiswahili namba 496.392 katika maktaba nyingi. Mwaka huohuo Charles Ammi Cutter alichapisha kanuni za kuandaa katalogi. Kwa maoni yake, katalogi ina kazi tatu: kumwezesha mtu kukipata kitabu akijua ama mwandishi, ama jina la kitabu, ama mada yake, kumwonyesha maktaba ina nini cha mwandishi fulani au kuhusu mada fulani, na kumsaidia kuchagua kilicho bora kwa haja yake.

Kanuni hizo ndizo zilizokuwa nyuma ya makabati ya kadi ambayo wasomaji wa umri mkubwa bado wanayakumbuka. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ilianza kazi katika zama hizo. Kitabu kimoja kilikuwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada. Zilikuwapo pia kadi zisizokuwa na kitabu chochote nyuma yake. Kadi hizo zilibeba maelekezo tu: "Tazama" au "Tazama pia". Aliyetafuta kwa neno moja alielekezwa kwenye neno jingine lililotumika rasmi. Aliyetafuta habari za Tanzania angeweza kukumbushwa kwamba maandiko ya kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 yapo chini ya Tanganyika au chini ya Zanzibar.

Aidha, msomaji aliyefungua saraka ya kadi hakukutana na utupu. Hata kama kadi aliyoitaka haikuwapo, aliona zile zilizokuwa mbele na nyuma yake, na mara nyingi jirani ya kadi ndiye aliyemfikisha. Iliposhindikana kabisa alikuwapo mkutubi. Kazi ya mkutubi huyo haikuwa kujibu swali kama lilivyoulizwa. Alianza kwa kuuliza maswali yake: kitabu ni cha nani, ni kwa ajili ya mtihani au shughuli ya shambani, unataka historia yake au sheria yake? Mwanazuoni wa ukutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliyetoa kanuni tano za maktaba mwaka 1931, aliweka miongoni mwake kanuni ya kuokoa muda wa msomaji. Mazungumzo hayo mafupi mezani ndiyo yaliyokuwa njia kuu ya kuuokoa.

Kilichopatikana na kilichopotea

Katika miaka ya 1960 Maktaba ya Bunge la Marekani ilibuni, chini ya uongozi wa Henriette Avram, muundo wa MARC unaowezesha kompyuta kusoma taarifa za katalogi. Hatua kwa hatua kadi zikaanza kuondoka. Shirika la OCLC, lililokuwa likizichapishia maktaba kadi tangu mwaka 1971, lilichapisha kadi zake za mwisho Oktoba 2015. Kwa upande wa nchi zenye bajeti ndogo, mabadiliko makubwa yalikuja na programu ya Koha, iliyoanza kutumika Januari 2000 katika maktaba za Horowhenua nchini New Zealand. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na programu hiyo hutolewa bure. Maktaba kadhaa za vyuo vikuu hapa nchini zinaitumia.

Faida zake ni kubwa na hazina ubishi. Mwanafunzi aliyeko Songea anaweza kujua kilichopo kwenye rafu za Morogoro au Dar es Salaam bila kupanda basi. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ina uwezo wa kuhudumia wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja; idadi kama hiyo isingeweza kupanga foleni mbele ya makabati ya kadi.

Lakini kisanduku cha kutafutia kilikuja na hasara yake. Kadi za "Tazama" hazikuhamia zote kwenye mifumo mipya. Jirani wa kadi akatoweka. Mkutubi akabaki mezani pake wakati msomaji yupo nyumbani. Mahali pa vyote hivyo pakabaki nafasi moja nyeupe inayopokea neno lolote, na ambayo neno lisipofanana na lililoandikwa ndani ya mfumo, hujibu kwa ufupi kwamba hakuna kilichopatikana.

Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani Christine Borgman alichapisha makala iliyouliza kwa nini katalogi za kompyuta ni ngumu kutumia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1996, aliandika nyingine akiuliza kwa nini bado ni ngumu. Jibu lake lilikuwa kwamba mifumo hiyo haikujengwa kwa kuzingatia namna watu wanavyotafuta. Ilimtaka mtu ajue mapema kile anachokitafuta na jinsi kilivyoandikwa, ilhali mtu hutafuta kwa sababu hajui.

Utafiti mwingine, wa George Furnas na wenzake mwaka 1987, ulipima jambo linaloonekana dogo: watu wawili wakiombwa kukipa kitu kimoja jina, ni mara ngapi watachagua neno lilelile? Waligundua kwamba hilo hutokea chini ya mara mbili katika kila kumi. Maana yake ni kwamba ofisa akichagua neno moja tu la kuuitia waraka wake, hata liwe fasaha kiasi gani, wengi wa wanaoutafuta watakuja na neno jingine. Suluhisho walilopendekeza ni kukipa kila kitu majina mengi kadiri inavyowezekana, yote yakielekea mahali pamoja. Kwa maneno mengine, ni kuzirudisha kadi za "Tazama".

Naye Marcia Bates, mwaka 1989, alieleza kwamba mtu hatafuti mara moja akamaliza. Hutafuta kama anayechuma matunda ya mwituni: anapata moja hapa, linampa wazo, anahamia kichaka kingine, na swali lake lenyewe linabadilika njiani. Mfumo unaomrudisha mwanzo kila anapobadili neno humnyima njia hiyo ya kawaida ya kufikiri.

Lugha ya ofisi na lugha ya mtaani

Matokeo ya tafiti hizo yanaonekana wazi katika mazingira ya Tanzania. Wananchi husema "namba ya NIDA". Waraka wa ofisi huandika "Namba ya Utambulisho wa Taifa". Mfanyabiashara hutafuta "TIN". Mwongozo unaweza kuwa na "Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi". Mmoja huandika "pasipoti", mwingine "hati ya kusafiria". Hakuna anayekosea, lakini mfumo usiojua kwamba majina hayo ni ya kitu kimoja utamhudumia mmoja na kumwacha mwingine.

Kiswahili chenyewe kinaongeza changamoto ambayo watengenezaji wa programu wa nje hawakuifikiria. Kanuni maarufu ya kuambua maneno ili kubaki na shina, iliyochapishwa na Martin Porter mwaka 1980, ilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo aghalabu hubadili mwisho wa neno. Kiswahili hubadili mwanzo. "Cheti" na "vyeti" ni kitu kimoja katika idadi tofauti, lakini kwa mashine yanaanza na herufi tofauti. Vivyo hivyo "kibali" na "vibali", "mwalimu" na "walimu". Kwa upande wa vitenzi hali ni ngumu zaidi: mzizi mmoja wa "lipa" unazaa analipa, nitalipwa, kulipia, malipo na mlipaji. Hata alama ya nyota inayotumika kukata mwisho wa neno haisaidii hapa, kwa kuwa tofauti iko mbele ya neno. Mwananchi anayeandika "nalipaje ada" na waraka wenye kichwa "Utaratibu wa Malipo" wanaweza kupishana kabisa.

Maktabani tatizo hili lina sura nyingine. Maktaba nyingi hutumia vichwa vya mada vilivyoandaliwa kwa Kiingereza. Hivyo, diwani ya mashairi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Mtanzania, kwa ajili ya Watanzania, inaweza kuwa imesajiliwa chini ya kichwa cha "Swahili poetry". Mwanafunzi wa sekondari anayeandika "ushairi wa Kiswahili" ataipata tu kama maneno hayo yametokea kwenye jina la kitabu.

Haki ya ardhi kama mfano

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi pale taarifa inapohusu haki ya mtu. Chukulia mwananchi ambaye shamba lake limo ndani ya eneo linalotwaliwa kwa ajili ya mradi wa umma. Atakachoandika kwenye simu kinatokana na lililompata: shamba kuchukuliwa, barabara kupita shambani, kulipwa mazao. Sheria zinazomhusu zimeandikwa kwa maneno mengine. Katiba, katika Ibara ya 24, inazungumzia haki ya kumiliki mali na fidia inayostahili. Ipo Sheria ya Utwaaji wa Ardhi, Sura ya 118. Ipo Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Maneno ambayo yangemfikisha ni "utwaaji" na "fidia", na huenda hayajui. Akikosa, hatari si kwamba atabaki na swali. Hatari ni kwamba atachukua kimya cha mfumo kuwa ndilo jibu, akaamini hana haki, au akamwendea mtu wa mtaani atakayemtoza fedha kwa kumpa maelezo yanayopatikana bure.

Nchi imepiga hatua mbili zinazorahisisha safari ya mwananchi huyo. Kwanza, kupitia mfumo wa TanzLII, Mahakama ya Tanzania huweka wazi hukumu na sheria ili zisomwe na yeyote bila malipo. Pili, marekebisho yaliyofanywa na Sheria Na. 1 ya Mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hatua ya pili ina maana pana kuliko tafsiri. Kadiri hukumu na sheria zinavyoandikwa kwa Kiswahili, ndivyo zitakavyotafutwa kwa Kiswahili, na ndivyo faharasa za mifumo zitakavyolazimika kuelewa ngeli, minyambuliko na visawe vya lugha hii.

Yanayowezekana kwa gharama ndogo

Sehemu kubwa ya marekebisho haihitaji mfumo mpya wala mkandarasi. Inahitaji nidhamu ileile ya mwandaaji wa kadi.

La kwanza ni vichwa vya habari. Matangazo mengi ya taasisi hupandishwa mtandaoni yakiwa na kichwa kimoja: "Taarifa kwa Umma" au "Tangazo". Kichwa hicho kinafaa kwenye ubao wa matangazo, ambapo karatasi iko mbele ya msomaji. Kwenye orodha ya matangazo mia mbili yanayoitwa hivyohivyo, hakimwelekezi mtu popote. Kichwa kinachotaja jambo, taasisi, eneo na mwaka hufanya kazi ambayo hakuna mashine inayoweza kuifanya kwa niaba ya ofisi.

La pili ni aina ya nyaraka. Barua iliyogongwa muhuri, ikaskaniwa na kupandishwa kama picha, inaonekana rasmi, lakini maneno yake hayasomeki na mfumo wa kutafutia. Nakala yenye maandishi halisi inapaswa kuambatana nayo. Msomaji mwenye ulemavu wa kuona anayetumia programu ya kusomewa naye hunufaika kwa hatua hiyohiyo.

La tatu ni tarehe. Tangazo la ajira ambalo muda wake umepita, likibaki juu kwenye matokeo bila alama yoyote, humpotezea kijana nauli na matumaini. Kuliondoa kabisa nako kunaharibu kumbukumbu. Njia ya kati ni kulihifadhi likiwa na maelezo bayana kwamba limekwisha muda.

La nne ni kusikiliza. Mfumo wa kutafutia huweza kuhifadhi orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika na hawakupata kitu. Orodha hiyo ni darasa la bure kuhusu lugha ya wananchi. Ikisomwa kila mwezi, kila neno lililokosa jibu linaweza kuelekezwa kwenye waraka unaohusika. Kazi hiyo ifanywe kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya Mwaka 2022: kinachohitajika ni maneno, si majina ya walioyaandika.

La tano ni kushirikisha wenye taaluma. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inaendesha chuo cha ukutubi Bagamoyo, ambacho kimekuwa kikiandaa wataalamu wa kupanga na kutafuta taarifa. Baraza la Kiswahili la Taifa lina jukumu la istilahi. Orodha ya pamoja ya visawe vya huduma za umma, ikiandaliwa na pande hizo na kutumiwa na taasisi zote, ingezipunguzia ofisi nyingi kazi ya kubuni upya kila mara.

Wajibu wa anayetafuta

Mwananchi naye ana mbinu za kumsaidia. Asipopata kwa neno la kwanza, ajaribu kisawe chake, umoja na wingi wake, na jina rasmi la taasisi au la sheria pamoja na mwaka. Namba ya Sura ya sheria hufikisha haraka kuliko maelezo marefu. Aidha, kabla ya kujaza fomu au kulipa chochote, atazame anwani ya tovuti. Tovuti za taasisi za Serikali huishia na .go.tz, na tangazo la ajira au mkopo linalodai kutoka serikalini bila kuonekana huko linastahili kutiliwa shaka.

Tahadhari hiyo inahusu pia programu za akili mnemba, ambazo sasa wengi huziuliza moja kwa moja badala ya kutafuta. Programu hizo zina faida ya kuelewa lugha ya kawaida, lakini zinaweza kutoa jibu lisilo sahihi kwa sauti ileile ya uhakika, hata kutaja kifungu cha sheria ambacho hakipo. Jibu lake lichukuliwe kama kadi ya "Tazama": linaelekeza mahali pa kwenda kuthibitisha, na uthibitisho unabaki kwenye waraka wenyewe.

Na pale utafutaji wote unaposhindikana, sheria haijamwacha raia peke yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, kila taasisi inayohusika inapaswa kuwa na ofisa wa taarifa, na ombi la maandishi linapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Ofisa huyo, kwa namna fulani, ameketi pale alipoketi mkutubi wa zama za kadi. Kila ombi linalofika mezani pake kuhusu waraka ambao tayari uko mtandaoni linaonyesha neno moja ambalo mfumo bado haulijui. Likiingizwa kwenye mfumo siku hiyohiyo, mwananchi atakayelitafuta kesho hatalazimika kuandika barua.